Sokwe wa Jukwaani na Mifupa ya Koru: Kufundisha Historia ya Sayansi Mjini Kisumu

Kozi ninayofundisha hapa Kisumu ni ya lazima kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kama zilivyo kozi nyingi za lazima, wengi wao huingia ukumbini wakiwa wamekwisha kuamua kwamba haiwahusu. Kuna wanaosomea uuguzi, ualimu, uhandisi na biashara, wote wamekusanywa pamoja wasome historia ya sayansi na uhusiano wake na utamaduni pendwa, yaani magazeti, nyimbo, redio, filamu, maonyesho ya jukwaani, uvumi wa mitaani na utani wa ndani ya matatu. Mtalaa niliorithi ulianzia Ugiriki ya kale, ukapita kwa Galileo na Newton, ukamgusa Darwin, ukaishia kwenye bomu la atomiki. Kisha, katika juma la mwisho kabla ya mtihani, ulitenga kipindi kimoja cha kuzungumzia sayansi katika vyombo vya habari. Mpangilio huo ulikuwa ukimfundisha mwanafunzi jambo ambalo halikuandikwa popote katika mtalaa wenyewe: kwamba sayansi hukamilishwa kwanza na wataalamu, mahali pa mbali, na kwamba watu wa kawaida huipokea baadaye, wakaichanganya na mambo yao na kuiharibu.

Sikubaliani na picha hiyo, na sababu za kuikataa hazihitaji kutafutwa ng'ambo. Eneo hili la ziwa limekuwa uwanja wa utafiti kwa zaidi ya miaka 100, na tafiti kubwa zilizofanyika hapa ziliguswa na jukwaa, gazeti, wimbo au uvumi kabla hazijakamilika, wakati mwingine hata kabla hazijaanza. Ndiyo maana siku hizi sianzi na Ugiriki. Ninaanza na Koru.

Koru ni kituo kidogo kilicho mbele ya Muhoroni, pale mashamba ya miwa yanapoanza kupanda kuelekea vilima vya Tinderet, na darasani hakukosi mwanafunzi wa upande ule anayeyajua machimbo ya chokaa lakini hajawahi kusikia kilichopatikana ndani yake. Katika miaka ya 1920 daktari mlowezi aliyeitwa H. L. Gordon alikuta huko mifupa iliyogeuka mawe, na mifupa hiyo ikafika kwenye Makumbusho ya Uingereza jijini London. Arthur Tindell Hopwood, mtaalamu wa visukuku aliyeichunguza, alitambua kwamba sehemu yake ni mabaki ya sokwe wa kale sana, wa enzi ya Miosini. Mwaka 1931 alikuja mwenyewe Afrika Mashariki, katika msafara wa Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, akatafuta mengine zaidi, na mwaka 1933 akachapisha jina la kiumbe huyo: Proconsul africanus.

Hapo huwa ninasimama na kuwauliza wanafunzi jina hilo limetoka wapi. Waliosoma Biblia kwa makini huwataja mara moja maliwali wa Kirumi, ambao kwa Kilatini waliitwa proconsul, mfano wa yule Sergio Paulo wa Matendo ya Mitume, na hilo ni jibu zuri sana isipokuwa si sahihi. Consul lilikuwa jina la sokwe wa maonyesho. Kwa hakika lilikuwa jina la masokwe kadhaa waliofuatana: mmoja alikuwa kwenye bustani ya wanyama ya Belle Vue mjini Manchester katika miaka ya 1890, akivishwa nguo za kibwana na kuvuta tumbaku mbele ya watazamaji, na alipokufa mwandishi Ben Brierley aliandika shairi la kumwomboleza, mwingine alikuwa kivutio kwenye ukumbi wa Folies Bergère jijini Paris mwaka 1903, na London nayo ilikuwa na Consul wake, aliyejulikana na wenyeji wa jiji, wakati Hopwood akifanya kazi yake. Kwa kuwa pro kwa Kilatini ni "kabla ya", mtaalamu huyo alikuwa akiwaambia wasomaji wake, kwa mzaha ambao yeyote aliyewahi kulipa kiingilio angeuelewa, kwamba mifupa ya Koru ni ya kiumbe aliyemtangulia yule mnyama wa suti na sigara.

Ninatumia kipindi kizima kwa mzaha huo, na wenzangu wa idara wameshaniuliza kama haitoshi dakika tano. Haitoshi. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilitoka mwaka 1859, na katika miongo iliyofuata wenye majumba ya maonyesho huko Ulaya na Marekani waligundua kwamba fikra ya undugu wa binadamu na sokwe inauza tiketi. Shairi la Brierley lenyewe liliuliza juu ya kile kiungo kilichopotea kati ya sokwe na mtu. Watu waliokwenda Belle Vue hawakwenda kumtazama mnyama tu, walikwenda kulitazama swali la kisayansi likiwa limevalishwa koti. Sayansi ikaingia jukwaani. Miaka 40 baadaye jukwaa likarudi ndani ya jarida la kitaalamu, likiwa limebandikwa kwenye taya lililotoka jirani na Muhoroni. Mwanafunzi akishauona mzunguko huo mara moja, sihitaji tena kumhubiria kwamba utamaduni pendwa si pambo la historia ya sayansi.

Darasa hucheka kwanza, kisha hukasirika. Muhula mmoja kijana kutoka upande wa Chemelil alisimama akauliza, "Mwalimu, kwa nini mfupa wa kwetu uitwe kwa jina la kichekesho cha watu wengine?" Sikumjibu, nilimpa kazi. Nilimtaka atafute kanuni za kuwapa wanyama majina, na alirudi akiwa ameelewa kwamba kwa kanuni hizo jina lililochapishwa kwanza kwa utaratibu unaokubalika ndilo linalodumu, liwe la heshima au la mzaha, na kwamba hasira haiwezi kulifuta ila uchunguzi mpya wa mifupa unaweza kulipunguzia eneo. Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1993 visukuku vidogo vya kisiwa cha Rusinga vilitengwa vikapewa jina la heseloni, kumkumbuka Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi ya kuchimbua na Leakey kwa miongo mingi na ambaye macho yake yaliona vitu vingi vilivyoandikwa kwa majina ya wengine. Mwaka 2015 masokwe wa kale wa Rusinga na Mfangano walitolewa kabisa katika kundi la Proconsul, wakaundiwa kundi jipya liitwalo Ekembo, kutoka lugha ya Wasuba. Yule wa Koru amebaki na jina lake la jukwaani.

Rusinga wanafunzi wanaijua kwa sababu ya kaburi la Tom Mboya, na ni haki yao, lakini mwezi Oktoba mwaka 1948 kisiwa hicho kilitajwa duniani kwa sababu nyingine. Mary Leakey, mke wa Louis na mtafiti mwenzake, aliona meno kwenye mteremko uliomomonyoka, na baada ya vipande kuunganishwa ikapatikana sehemu kubwa ya uso na fuvu la sokwe huyo aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Alilipeleka Uingereza mwenyewe kwa ndege akiwa amelipakata, na waandishi wa habari na wapiga picha walikuwa wakimsubiri kama wanavyomsubiri mcheza filamu. Fuvu lilikopeshwa London, na miaka mingi baadaye likarudi Nairobi. Ninawaonyesha wanafunzi jinsi safari hiyo ilivyosaidia kazi yenyewe: umaarufu wa magazetini ulirahisisha kupata fedha, fedha zikarudisha wachimbuaji visiwani, na wachimbuaji wakapata visukuku zaidi. Mtu anayedhani gazeti huja baada ya sayansi ajaribu kuueleza mwaka 1948 bila gazeti.

Kabla ya Koru na Rusinga kulikuwa na Karungu, kusini zaidi, ambako mifupa ya tembo wa kale aitwaye Deinotherium ilipatikana mapema zaidi. Spishi yake ikapewa jina la C. W. Hobley, mtawala wa kikoloni wa siku hizo. D. B. Pigott, afisa aliyekusanya visukuku vingine huko, aliliwa na mamba. Wanafunzi hukumbuka mamba kuliko Deinotherium hata kwenye karatasi ya mtihani, na sina ugomvi nao kwa hilo, maana hata walioandika historia ya uchimbuaji huo hawakuweza kumwacha mamba nje. Makumbusho ya Uingereza yalimtuma Felix Oswald mwaka 1911 aendeleze kazi ya Karungu, naye akajikuta katika mwambao uliokuwa umeumizwa na ugonjwa wa malale, na hapo ndipo kozi yetu inapoacha mifupa ikaingia kwenye damu.

Hii ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo ngumu kuliko zote kuifundisha. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Katika miaka hiyo hiyo malale yalikuwa yanaangamiza watu kandokando ya ziwa, zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda peke yake kabla ya mlipuko huo kutulia, na upande wetu haukusalimika. Mwaka 1902 Shirika la Kifalme la Uingereza lilituma tume Entebbe. Aldo Castellani aliona vimelea vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. David Bruce, aliyefika mwaka 1903, alionyesha kwamba ugonjwa unaenezwa na mbung'o. Mwaka 1906 akaja Robert Koch, akiwa ametunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka uliotangulia, akapiga kambi katika visiwa vya Ssese na kuwatibu watu kwa Atoxyl, dawa yenye aseniki, na baadhi ya waliotibiwa wakapofuka. Wakati huo huo serikali ya Uganda ilikuwa ikiwahamisha watu kutoka mwambao na visiwa ili kuwatenga na mbung'o.

Baada ya kueleza hayo kwa lugha ya maabara, huwataka wanafunzi wayaeleze upya kama mtu aliyesimama mlangoni kwa nyumba yake, asiyejua kusoma ripoti za tume. Wageni wamekuja kwa meli na reli. Wanashikashika shingo za watu wakitafuta uvimbe. Wanachoma sindano mgongoni, wanatoa maji, wanayatia kwenye chupa, wanaondoka nayo. Waliotibiwa wengine hawaoni tena. Kisha kijiji kinaambiwa kihame. Ukishasikia maelezo hayo, visa vya mumiani na vya wazimamoto wanaonyonya damu, vilivyosimuliwa kutoka pwani hadi Kampala kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, na vile vya kachinja vinavyosimuliwa Siaya, havionekani tena kuwa ndoto zilizodondoka kutoka hewani. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi za aina hiyo Uganda na Siaya, akazisoma kama ushahidi wa jinsi watu walivyofikiri juu ya kazi, tiba na mamlaka. Njia yake ndiyo ninayoifuata: sitaki mwanafunzi aniambie kisa ni kweli au uongo, nataka aniambie kilisimuliwa lini, na nani, wapi, na ni kitu gani ambacho msimulizi alikuwa amekiona kwa macho yake.

Kuna mambo mawili ninayoyakataa katika insha za sehemu hii. La kwanza ni neno "ujinga". Mwanafunzi akilitumia kumweleza mtu yeyote wa mwaka 1906, ninamrudishia karatasi aandike tena, kwa sababu neno hilo humaliza uchunguzi kabla haujaanza. La pili, ambalo limeongezeka miaka ya karibuni na hupigiwa makofi darasani, ni hitimisho kwamba kwa kuwa wakoloni walifanya ukatili, basi sayansi yao yote ilikuwa hila. Bruce alikuwa sahihi kuhusu mbung'o. Ronald Ross alikuwa sahihi mwaka 1897 alipoviona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Mtu anaweza kutendewa vibaya na mtu aliye sahihi, na mwanafunzi asiyeweza kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja atateseka katika kozi yangu.

Wauguzi ndio wanaolielewa hilo upesi. Mmoja wao, binti wa Siaya, alituambia kwamba nyanya yake hakubali damu yake itiwe kwenye kichupa mpaka aelezwe kinakwenda wapi na kitarudi lini, na wenzake walipoanza kucheka aliwauliza ni nani kati yao amewahi kuuliza swali hilo hospitalini. Walinyamaza. Vijiji vya Siaya na pembezoni mwa Kisumu vimekuwa na miradi ya utafiti wa malaria kwa miongo mingi, ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba nchini, KEMRI, pamoja na washirika wake. Kule Asembo ndiko kulikofanyika mojawapo ya majaribio makubwa ya vyandarua vilivyotiwa dawa. Septemba 2019 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilianza kutolewa kwa majaribio katika eneo la ziwa, Homa Bay ikiwa mahali pa uzinduzi, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi barani Afrika. Muuguzi atakayechoma chanjo hiyo atakutana na maswali ya nyanya yule, na afadhali ayajue asili yake.

Filamu huwa ninazipitia upesi zaidi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa sinema wenye makao yake Vugiri, Tanganyika, uliotengeneza filamu 35 za kuwaelimisha Waafrika juu ya mambo kama minyoo, kodi na akiba ya posta, na lori lake lilizunguka Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo, likiwaonyesha watu filamu hizo usiku. Baadaye likaja wazo, lililorudiwa sana na maafisa wa sinema za kikoloni, kwamba Mwafrika ana namna yake ya kutazama picha, na kisa kilichotumika kulithibitisha ni cha wanakijiji walioonyeshwa filamu ya usafi na maji yaliyotuama, kisha walipoulizwa waliona nini wakajibu kwamba waliona kuku. Kuku huyo alikuwa amepita pembeni ya picha kwa muda mfupi tu. Ninawaonyesha wanafunzi wangu tangazo fupi la televisheni la Ulaya juu ya kunawa mikono, kisha ninawaambia waandike walichokiona. Huandika viatu, bei inayowezekana ya jokofu, nywele za mama, dirisha lisilo na vyuma. Sabuni hutajwa na wachache. Baada ya hapo tunaweza kulizungumzia swali la nani hutazama vipi bila mtu kuinua pua.

Somo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni lile la tohara, na sikulifundisha mpaka nilipojiona nimelijua darasa langu. Kuanzia mwaka 2002 Kisumu iliendesha jaribio la kujua kama tohara ya wanaume hupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Vijana 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, waliokubali wenyewe, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, kundi moja likatahiriwa mara moja na jingine likasubiri. Jaribio lilisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu tofauti ilikuwa imeonekana wazi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba hatari ya kuambukizwa ilipungua kwa asilimia 53. Majaribio mengine mawili, la Orange Farm nchini Afrika Kusini na la Rakai nchini Uganda, yaliafikiana nalo, na Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara kama njia mojawapo ya kinga. Kwa maneno ya kitabu, hiyo ni hadithi safi.

Lakini jaribio hilo lilifanyika miongoni mwa Waluo, ambao kijana wao zamani alitambulishwa kuwa mtu mzima kwa kung'olewa meno ya chini, si kwa kisu, na katika nchi ambayo jambo hilo lilikuwa limetumiwa na wanasiasa kwa miongo mingi kudai kwamba kiongozi fulani ni mtoto, hafai kutawala. Kila mwanafunzi wangu ameusikia utani huo, redioni, kwenye matatu, kwenye video za wachekeshaji. Matokeo yalichapishwa mapema mwaka 2007. Mwisho wa mwaka huo ukaja uchaguzi, na katika ghasia zilizofuata wapo wanaume Waluo waliotahiriwa kwa nguvu barabarani, jambo lililoandikwa katika ripoti ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo. Mwaka 2008, jeraha hilo likiwa bichi, ndipo mpango wa kitaifa wa tohara ya hiari ulipozinduliwa, Nyanza ikiwa mahali pa kwanza. Baraza la Wazee wa Kiluo lilikuwa na pingamizi, kukawa na mazungumzo marefu, na wanasiasa wakubwa wa eneo hili wakajitokeza kusema kwamba suala hili ni la afya na halihusu mila. Katika miaka iliyofuata wanaume wengi walijitokeza kliniki.

Darasani kwangu wamo Waluo, Wabukusu ambao kwao tohara ya Agosti ya miaka isiyo witiri ni sherehe ya jamii nzima, Wakisii, Wakalenjin, na wengine, na utani uko tayari midomoni kabla sijafungua daftari. Siukatazi kwa amri. Ninauweka ubaoni kama hati ya kihistoria. Ninawaomba wautaje utani wanaoujua, bila kumlenga mtu aliyepo, kisha tunaupanga pamoja na tarehe: upi ni wa zamani, upi ulianza baada ya 2007, upi umegeuka ukawa wa kuwasifu waliokwenda kliniki. Utani unapoandikwa kwa chaki na kupewa mwaka hupoteza makali yake, na unaanza kusema jambo. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi, mtu asiyesema sana, aliuliza ni nini hasa kilichopimwa Kisumu baada ya 2008: nguvu ya tohara dhidi ya virusi, au uwezo wa jamii kuupindua utani uliotumika kuidhalilisha. Nilimwambia aandike insha, akaandika, na bado ninawasomea wengine sehemu zake kwa ruhusa yake.

UKIMWI unanipa pia kisa cha Kemron, ambacho ninakitumia kuwatuliza wale wanaodhani kwamba umma ndio hukosea na wataalamu ndio husahihisha. Mwaka 1990 Rais Moi alitangaza kwamba wanasayansi wa Kenya wamepata tiba, yaani dawa hiyo ya Kemron, ikatajwa magazetini kote, na katika Marekani magazeti ya Weusi na wafuasi wa Nation of Islam, jumuiya ya kidini ya Wamarekani Weusi, waliipigania kama dawa ambayo wakubwa wanaificha. Kufikia mwaka 1992 shinikizo hilo lilikuwa limewafanya wakuu wa utafiti wa tiba nchini humo wakubali ifanyiwe majaribio zaidi. Majaribio, yakiwamo yale yaliyoratibiwa na Shirika la Afya Duniani, hayakuona manufaa yake. Aliyekuwa akiwaambia watu jambo la kuaminika zaidi juu ya ugonjwa huo katika miaka hiyo ya 1990 hakuwa na koti jeupe: Princess Jully, mwimbaji wa benga wa huku kwetu, aliimba kwamba dunia imeharibika na watu wajihadhari, na kila baa kando ya ziwa ikamsikia.

Kuhusu kusahihisha, kanuni yangu ni moja. Kila insha lazima iwe na kitu kimoja cha utamaduni pendwa chenye tarehe, mahali na mtengenezaji au msimulizi, na hati moja ya kisayansi ya wakati huo huo, na mwanafunzi aonyeshe ni kipi kilichokisukuma kingine. "Vilihusiana" haipati alama. Simulizi za wazee zinakubalika sawasawa na magazeti, kwa sharti kwamba zihojiwe kwa ukali uleule; mwanahistoria Bethwell Ogot alijenga historia ya Waluo juu ya simulizi, na hakuna aliyeweza kusema kwamba alizipokea kwa ulaini. Mwanafunzi mmoja alikusanya ufukweni Dunga maelezo ya wavuvi kuhusu nani aliyeleta magugu maji, akayalinganisha na maandishi juu ya wadudu wa jamii ya Neochetina, wenye asili ya Amerika Kusini, walioachiliwa ziwani katika miaka ya 1990 wayale magugu hayo. Kwa baadhi ya wavuvi, wadudu hao ndio walioleta magugu. Alionyesha jinsi mpangilio wa matukio ulivyogeuka katika kumbukumbu, na kwa nini mtu aliyewaona wadudu wakiletwa na serikali ileile iliyochelewa anaweza kuugeuza hivyo. Wengine huandika juu ya setilaiti Uhuru, iliyopima miali ya eksirei kutoka anga za mbali na iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 na kupewa jina la sikukuu yetu, na hizo huwa insha nzuri za kizalendo zinazosahau kueleza miali ya eksirei.

Muhula ujao nitaongeza mbu. Maabara nyingi ulimwenguni zinazopima dawa za kuua wadudu hufuga mbu wa Anopheles gambiae wa ukoo unaoitwa Kisumu, uliotokana na mbu wa hapa na kuzalishwa maabarani kizazi baada ya kizazi bila kujenga usugu, ili dawa mpya ijaribiwe kwanza kwao na kulinganishwa na mbu sugu wa leo. Jina la mji wetu limechapishwa katika makala za kitaalamu mara nyingi kwa sababu ya mdudu huyo kuliko kwa sababu ya samaki, kandanda au siasa, na bado sijasikia wimbo wala kichekesho hata kimoja kinachomtaja. Kazi ya kwanza ya darasa itakuwa kwenda soko la Kibuye, kituo cha mabasi na ufukweni, kuwaeleza watu kuhusu mbu huyo kwa Kiswahili au Kidholuo, na kuandika neno kwa neno kile watakachosema, pamoja na jina la mahali na tarehe.